Kibali cha Serikali Si Ridhaa ya Mtu

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mtaalamu wa saikolojia Stanley Milgram aliwaita watu kwa jaribio waliloambiwa ni la kumbukumbu. Kila mmoja aliamriwa kumpiga mwenziwe kwa umeme kila akosapo jibu. Umeme haukuwapo, na huyo mwenzi alikuwa akijifanya tu. Lakini wao hawakujua, na wengi walitetemeka na kutokwa na jasho. Waliposita, msimamizi aliwaambia waendelee. Kati ya watu 40, 26 walifika mwisho.

Milgram alilaumiwa sana kwa kuwahadaa watu na kuwatia dhiki. Hata hivyo, jaribio lake latufunza kwamba ni vigumu mtu kusema "hapana" mbele ya mwenye madaraka.

Visiwani petu mtafiti huja na kibali cha Serikali, na huweza kufikishwa mlangoni na sheha. Mama aulizwapo juu ya huzuni na ndoa yake, atakataaje mbele ya sheha? Kibali humruhusu mgeni kupiga hodi. Hakimlazimishi mwenye nyumba kumkaribisha.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wanaohusika: sheha akishamtambulisha mgeni, aondoke. Mwananchi aelezwe kwa Kiswahili ataulizwa nini, majibu yake yatakwenda wapi, na kwamba aweza kujitoa wakati wowote bila ya kutoa sababu.

Nanyi wananchi, kukataa si utovu wa adabu, wala si kuipinga Serikali. Ni haki yenu.