Mwanaume Abaki Ndani

Kaa kwenye kijiwe chochote cha Bariadi mjini, cha Mwanhuzi au cha kule Kimali, jioni ya siku ambayo kumetokea wizi, na kabla chai haijapoa utamsikia mtu akitamba: "Kwangu? Waje tu. Nawafuata hukohuko nje." Wenzake wataitikia kwa vichwa. Anayetamba hivyo mara nyingi hajawahi kuvamiwa. Waliovamiwa hunyamaza wakati huo, wanakoroga chai yao, maana wanajua kwamba saa nane usiku mtu hana hata uhakika viatu vyake viko wapi.

Imani hii ina mizizi mirefu kwetu. Mwenye mji ndiye ngao ya mji. Akisikia vishindo zizini akabaki ndani, kesho wake zake watamtazamaje, wanawe watamwitaje? Basi mzee wa miaka sitini anashika panga, anachomoa komeo, anatoka. Mimi nasema kutoka huko ni ujinga, na kwamba sifa tunayowapa wanaotoka imetugharimu watu wengi kuliko wezi wenyewe walivyokusudia. Mwizi wa kawaida haji kuua. Anaua akikutana na mtu mlangoni.

Hebu tuutazame mlango wenyewe. Kwenye msonge, mlango ni mfupi. Hutoki umesimama, unainama, na kinachotangulia kutoka ni kichwa, shingo ikiwa imenyooka mbele kwa yeyote aliyesimama pembeni. Kwenye nyumba ya tofali na bati mlango ni mrefu, lakini ni uleule mmoja, na walioko nje wanajua hivyo. Wewe umetoka usingizini, pengine kwenye taa ya sola. Macho ya binadamu huchukua karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu. Wenzako wamekaa gizani tangu saa sita. Ukiwasha tochi umewaonyesha ulipo, usipowasha huoni kitu. Wao wako wanne, hujui wana nini mkononi. Panga lako halina hata nafasi ya kuinuka kwenye fremu ya mlango.

Na kwa nini wewe uamke wakati ule hasa? Mara nyingi kwa sababu wametaka uamke. Hila hizi zinajulikana toka zamani: mbwa anapigwa jiwe alie, ng'ombe mmoja anafunguliwa makusudi, mjini bomba linafunguliwa uani maji yamwagike mpaka mwenye nyumba aone uchungu wa bili. Yote ni kazi ya kukufanya ufungue mwenyewe. Jambazi aliyeamua kuingia kwa nguvu huja na fatuma, lile jiwe kubwa linalobebwa na wawili na kutupwa mlangoni. Fatuma linahitaji muda, na linapiga kelele kijiji kizima kisikie. Ukichomoa komeo kwa mkono wako, umemwondolea vyote viwili.

Hapo najua nitaulizwa: na ng'ombe je? Ni swali la haki, na anayelicheka hajui Usukuma. Zizi ni benki ya mtu, ni ada za shule, ni mahari ya wanawe watatu. Mtu hawezi kulala chali akisikiliza mahari ikiondoka.

Lakini fikiria ng'ombe anavyoibwa. Hawekwi mfukoni. Mwizi mwenye ng'ombe kumi anatembea kwa mwendo wa ng'ombe, anaacha kwato na mavi njia nzima, na lazima apite mbele ya miji ya watu wengine. Wazee wetu walilijua hilo vizuri kuliko sisi tunaotamba vijiweni. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa, ujambazi na wizi wa mifugo ukapanda mno katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, na polisi walikuwa wachache na mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo wakazaliwa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakianzia pande za Kahama na Nzega, wakaenea Usukuma na Unyamwezi yote kwa muda mfupi ajabu. Wakati huo mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa bado haujaundwa. Sehemu kubwa ya huku ilikuwa Shinyanga mpaka 2012.

Sungusungu hawakumwambia kila mwanaume atoke peke yake na panga. Waliweka utaratibu wa sauti. Mwenye kuvamiwa anapiga mwano, yowe la kuomba msaada; anayesikia anapokea, anaupitisha kwa filimbi au kwa yowe lake mwenyewe, unaruka kutoka mji hadi mji, na wanaume wa kijiji cha pili na cha tatu wanakwenda kukaa njiani kabla wezi hawajafika. Asubuhi nyayo zinafuatwa. Zikiingia kijiji cha watu, kijiji hicho kinazipokea na kuendelea nazo, au kinajieleza. Asiyeitika mwano alitozwa faini, na akikaidi alitengwa: hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Kumbuka kosa lilikuwa lipi. Hakuna aliyetengwa kwa kubaki ndani mwizi alipokuwa kwake. Alitengwa kwa kubaki ndani mwizi alipokuwa kwa jirani. Sisi tumeligeuza: kwetu tunataka kutoka mbio, kwa jirani tunavuta shuka.

Na sauti inayofika mbali kuliko zote ni ya mwanamke. Huyu mke ambaye eti atakudharau ukibaki ndani ndiye mwenye silaha kubwa kuliko panga lako, na wewe unamwambia "nyamaza, watatusikia". Wakusikie! Ndilo tunalotaka.

Sitawapamba sungusungu. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo waliwasaka vikongwe kwa tuhuma za uchawi kama walivyowasaka wezi, na kupiga watu ili wakiri lilikuwa jambo la kawaida kwao. Serikali iliwakubali, kisha mwaka 1989 ikabadilisha sheria za mgambo ili kuwapa mamlaka ya kukamata. Mamlaka ya kukamata, siyo ya kuua. Nitarudi kwenye hao vikongwe.

Kuna jambo jingine ambalo watambaji hawalisemi: kinachotembea nje huenda si mwizi. Wilaya yetu ya Meatu inapakana na hifadhi. Fisi huja zizini, na vijiji vya mpakani tembo hufika hadi kwenye ghala; anayemfuata tembo usiku kwa panga, msiba wake hautakuwa na mshitakiwa. Halafu kuna binadamu. Mdogo wako anayerudi kutoka kwenye pombe anajikwaa kwenye jiko. Kijana wa mji wa pili amekuja kwa binti yako, jambo baya, lakini ambalo kila mzee anayesoma hapa amelifanya enzi zake. Dunia nzima iliona hatari ya kumdhania mtu wa nyumbani kuwa mvamizi Februari 2013 kule Pretoria, pale Oscar Pistorius, mkimbiaji maarufu, alipofyatua risasi nne kupitia mlango wa choo akidai alidhani kuna mvamizi. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini ilimtia hatiani kwa mauaji mwaka 2015, na haikuhitaji kuamua alidhani ni nani: ulipiga mlango uliofungwa ukijua nyuma yake kuna mtu, basi. Aliyeko nyuma ya mlango anaweza kuulizwa "nani?". Swali hilo ni la bure, na unaliuliza ukiwa salama ndani.

Sasa nusu ya pili ya imani yetu, ile inayofuata pale mwizi anapozidiwa. Vijiweni inasemwa kwa pumzi mbili zinazopingana. Ya kwanza: mwizi akiingia kwako, damu yake ni halali. Ya pili: sheria za nchi hii zinamlinda mwizi, ukimgusa unafungwa wewe. Zote mbili ni uongo, na kinachoudhi ni kwamba ukweli umeandikwa kwa lugha inayoeleweka kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 18A kinakupa haki ya kujitetea wewe, mwenzako na mali. Cha 18C kinakwenda mbali kuliko watu wanavyodhani: haki hiyo inaweza kufika hadi kusababisha kifo, ikiwa uliamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba kufanya hivyo kulikuwa lazima, na makosa ya kuvunja nyumba usiku na unyang'anyi yametajwa humo. Kwa hiyo aliyevunja mlango wako saa tisa akakuinulia nondo, sheria haikuombi umpishe. Wala haimdekezi yeye: kuvunja nyumba mchana adhabu yake hufika miaka 14, usiku hufika 20.

Katikati ya vifungu hivyo viwili kuna 18B, na hicho ndicho kijiwe kinakiruka. Nguvu iwe ile tu inayohitajika. Ukizidisha, unawajibika kwa ulichozidisha; ukiua kwa kuzidisha, ni kosa la kuua bila kukusudia, ambalo kifungo chake kinaweza kufika maisha. Na hapo ni ikiwa bado ulikuwa unajitetea. Mwizi aliyegeuka anakimbia, mwizi aliyelala chini mikono ikiwa nyuma, mwizi aliyefungwa kamba kwenye mwembe huku watu wakitafuta tairi: huyo hakuna anayejitetea dhidi yake. Anayempiga jiwe anaua, na cheo cha kosa hilo kinapanda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mhalifu, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Wanaokaa rumande kwa mauaji ya namna hii si majambazi. Ni wakulima wa pamba waliotoka na panga saa nane, wakarudi asubuhi wakiwa washitakiwa, na ng'ombe waliokuwa wakiwalinda wameuzwa kulipia safari za kwenda mahakamani.

Nilisema nitarudi kwa vikongwe. Mazungumzo yetu yote ya "mwanaume atoke" yana mwanaume ndani yake, na mwizi nje. Lakini huku kwetu, mvamizi aliyeua watu wengi hakuja kuiba. Kwa hesabu za serikali, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi; 2,286 kati yao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ilikuwa Usukuma. Wengi walikuwa vikongwe, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi waliyopikia maisha yao yote, wakakatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, mara nyingi na watu waliokodiwa. Aliyewakodi huenda alikuwa na shamba la kurithi. Kuanzia miaka ya 2000 wakafuatia wenye ualbino, nao wakiwindwa majumbani mwao usiku, mpaka mwaka 2009 Mahakama Kuu ilipoanza kutoa hukumu za kifo kwa wauaji wao.

Bibi wa namna hii hana mwanaume wa kutoka. Ushujaa wa kijiwe haumfai kwa lolote. Kinachomfaa ni mlango unaofungwa kwa ndani, na jirani anayeitika. Nenda ukautazame mlango wake: bati kuukuu limefungwa kwa waya kwenye nguzo, au gunia. Ua wa minyaa ulioizunguka nyumba, ambao utomvu wake unachoma macho na kila mwizi anauogopa gizani, umekatika upande wa njia na hakuna aliyepandikiza. Wajukuu wako Mwanza. Mwenye mji wa jirani, yule bingwa wa kutamba, ana geti la chuma.

Na mjini hali si tofauti sana. Tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa tumejenga kuta, tumepachika vipande vya chupa juu, tukawekeana mageti. Ukuta unamzuia mwizi kuingia kwa dakika chache, kisha ukishaingiwa unamzuia jirani kukuona kwa usiku kucha. Wenyeji wa mtaa mmoja hawana namba za simu za wenzao. Mkaguzi wa polisi wa kata yupo, ila ukiuliza watu kumi namba yake watakupa majina ya timu za Ligi Kuu.

Mkutano wa kijiji unaofuata Kimali, Mwandoya au popote, zamu za sungusungu zitajadiliwa kama kawaida, na kama kawaida watasimama wawili watatu kusema watakavyomfanya mwizi. Waachwe wamalize. Kisha mwenyekiti aulize mambo mawili: nyumba ngapi za wajane na vikongwe hapa hazina komeo la ndani, na nani aliyesikia yowe mara ya mwisho akabaki kitandani. La kwanza ni mbao, bawaba mbili na nusu siku ya fundi. Fedha za faini zinatosha. La pili lijibiwe mbele za watu, kwa majina.