Mababu wa Usukumani Wanatafutika

Ukitaja habari ya kutafuta mababu mbele ya watu wa Shinyanga au Geita, hoja za kukukatisha tamaa huja upesi. Nyingi husemwa na wasomi, tena kwa uhakika, na karibu zote zina kasoro.

Inayoongoza ni hii: eti Wazungu wana kila kitu kwenye maandishi, sisi hatuna kitu. Mfano unaopendwa ni wa Mmarekani mwenye asili ya Ireland anayepanda ndege hadi Dublin na kurudi na majina ya mababu wa vizazi sita. Wanaoutoa hawajui yaliyoikuta Ireland. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa katika majengo ya Four Courts jijini Dublin ililipuka na kuungua. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea, vikabaki vipande. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa ili kutengeneza karatasi nyingine wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sensa kamili ya zamani kuliko zote waliyo nayo Waayalandi leo ni ya 1901.

Basi hayo majina ya vizazi sita yanatoka wapi? Kwa sehemu kubwa, parokiani. Vitabu vingi vya Kianglikana vilikuwa vimekusanywa Dublin, vikaungua. Vya Kikatoliki vilikuwa vimebaki kwa mapadri parokiani, vikapona, na mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ireland iliviweka kwenye intaneti vikisomwa bure. Yaliyoungua nayo yanatafutiwa nakala katika hifadhi za nchi nyingine, na watu wa kawaida wanapeana walichonacho: huyu ana barua, yule ana hati ya shamba.

Sasa tujiangalie sisi. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Bukumbi mwaka 1883 na Ushirombo mwaka 1891. Ushirombo ya leo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, mkoani Geita. Waanglikana wa CMS walifungua kituo Nassa, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1888, na mwaka 1909 wakakiachia misheni iliyozaa kanisa la leo la AIC. Kila misheni ya Kikatoliki ilikuwa na kitabu cha ubatizo, na kitabu hicho ni kitu kizito: kinaandika jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, na mara nyingi kijiji walikotoka. Zaidi ya hapo, sheria ya Kanisa inadai ndoa ya mtu iandikwe pembeni mwa ubatizo wake. Bibi aliyebatizwa Ushirombo akaolewa mbali anaweza kuwa na maelezo ya ndoa yake kwenye ukurasa ule ule. Jiandae kukuta Kilatini, na wino uliofifia. Jiandae pia kuandika barua ya heshima, maana paroko ana misa na misiba ya kuhudumia kabla ya babu yako.

Hoja ya pili inatoka kwa vijana: tafuta kwa jina la ukoo. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa kuwa wameiga njia ya Ireland, ambako jina la ukoo limerithiwa kwa mamia ya miaka. Kwetu jina la tatu kwenye cheti mara nyingi ni la babu tu. Tuseme mtu anaitwa Masanja Mabula Luhende. Mwanawe atakuwa Kulwa Masanja Mabula, na Luhende ameshatoka. Ukimtafuta Luhende katika vitabu vya miaka ya 1930 kama ukoo, hutampata, na ukimpata si wako. Isitoshe majina ya Kisukuma mengi husimulia kuzaliwa: Kulwa na Doto ni pacha, Shija huwafuata, Mabula alikuja na mvua, Nzala alikuja na njaa. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na kina Mabula kumi wasiohusiana kabisa. Shika mahali kwanza. Uliza utemi, yaani eneo la mtemi wake: alikuwa mtu wa Busiya, wa Nera, wa Msalala? Kisha shika jina la mama na la msimamizi wa ubatizo. Mabula ni wengi. Mabula wa mama fulani, wa utemi fulani, aliyesimamiwa na fulani, ni mmoja.

Tena jina hilo la mama ndilo linalodharauliwa kuliko yote, kwa hoja kwamba ukoo ni wa baba. Si kila mara. Katika mila za Kisukuma, kama mtafiti Hans Cory alivyozikusanya katika kitabu chake cha 1953, mtoto ni wa upande wa baba iwapo bukwi, yaani ng'ombe wa mahari, imetolewa. Isipotolewa, mtoto ni wa kwao mama, mpaka baba amkomboe kwa ng'ombe. Hata kiti cha utemi, sehemu nyingi za Usukuma, zamani kilikwenda kwa mtoto wa dada. Mtafute mzee wa upande wa baba peke yake na unaweza kukuta ukuta, huku majibu yote yakiwa kwa wajomba. Hili lina uzito wa pekee kwenye machimbo. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na Mwadui ilianza baada ya John Williamson kugundua almasi mwaka 1940. Kote huko walikuja wanaume kutoka mbali, wakazaa, na wapo walioondoka bila kutoa hata ndama. Wajukuu zao wako Usukumani kwa jina la mama.

Bukwi hiyo hiyo imetuachia ushahidi mwingine. Mashauri ya ng'ombe yalijaza mabaraza ya watemi hadi utemi ulipofutwa mwaka 1963. Shauri la bukwi lililoandikwa lina jina la mkwe, la binti, idadi ya ng'ombe na mashahidi. Yaliyosalia yatafute kupitia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina hifadhi Dar es Salaam na kituo cha Kanda ya Ziwa Mwanza. Kwa Waislamu na kwa wale ambao hawakubatizwa kamwe, mimi ningeanzia hapo.

Wapo pia wanaoamini kupita kiasi: kilichoandikwa na afisa Mwingereza katika kitabu cha wilaya ni kweli tupu. Hapana. Afisa aliandika nasaba ya watemi kama alivyosimuliwa na mtemi aliyekuwa kitini, na mtemi huyo alikuwa na sababu zake za kumsahau kaka fulani. Soma, kisha pambanisha na simulizi za koo zilizoshindwa. Tahadhari hiyo iguse na kitambulisho cha babu yako: ikiwa kimeandikwa alizaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai, hiyo ni tarehe ya karani. Muulize alizaliwa njaa gani.

Hoja nyingine: "Sisi ni watu wa Geita toka enzi." Kwa Wazinza, sawa. Kwa Wasukuma wengi wa Geita, hapana. Uzinza ulikuwa na mbung'o na watu wachache, na baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Mwingereza ilifyeka pori na kuhimiza watu wahamie huko kutoka Usukuma uliojaa watu na ng'ombe. Kwa hiyo kitabu cha babu yako huenda kiko Kwimba au Shinyanga, na umekuwa ukibisha hodi mlango usio wake.

Kuhusu makaburi yaliyoachwa nyuma wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vipya, ni kweli, mengi hayaonekani. Ila wazee waliohamishwa bado wanayajua maeneo kwa mti na kwa mto.

Wengine wanangoja kipimo cha vinasaba kiwamalizie kazi. Kipimo husema nani ana damu na nani. Hakijui bukwi wala utemi. Hifadhidata za kampuni za nje zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, na hapa nchini Sheria ya mwaka 2009 imeweka upimaji chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Na anayesema kutafuta mababu ni kuabudu masamva, yaani mizimu ya mababu, afungue Mathayo sura ya kwanza.

Kilichobaki ni kushirikiana, na hapa tuko nyuma sana. Kila ukoo una mjukuu mmoja mwenye daftari analolificha kama hati ya shamba. Ndugu yangu, kama daftari hilo ni lako, toa nakala: moja kwa wajomba, moja kwa binamu aliye Dar es Salaam, moja kwa atakayekubali kuitunza kijijini. Majina ya walio hai yaondoe kwanza, kisha andika pembeni nani alikuambia nini na mwaka gani. Na kabla ya mavuno haya kwisha, nenda kwa bibi ukamwulize mama yake alizaliwa utemi gani.