Injini ya Turbo Ndiyo Bei Rahisi, Ngoja Uone Zinazofuata

Wiki jana nilikaa chini na simu yangu, nikaitisha taarifa ya miamala ya miezi kumi na mmoja, nikaanza kujumlisha kila pesa niliyomtumia fundi. Injini ilikuwa shilingi 120,000. Hiyo niliikumbuka vizuri, maana nililipa mara moja na roho ikauma mara moja. Lakini jumla ilifika 412,500, kwa miamala 58. Elfu tatu ya waya, elfu saba ya paipu, mia tano ya chai ya vijana. Na gari bado liko juu ya mawe.

Gari lenyewe ni Beetle ya mwaka wa 1969, ile Volkswagen yenye umbo la kobe, aliyoniachia baba. Nilitaka kuiwekea injini ya Subaru yenye turbo. Kama nawe una gari la zamani na wazo kama hilo linakuwasha, soma kwanza kabla hujabonyeza "tuma". Maoni yangu ni haya: kubadilisha injini si kosa. Kosa ni kuanza na injini, na kulipa bila orodha.

Wazo lenyewe si la kijinga

Injini ya Beetle ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Injini ya Subaru aina ya EJ20 iko hivyo hivyo, na spea zake zimejaa Nairobi. Beetle ya 1500 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 44. EJ20 ya turbo inatoa kama 220 hadi 250, kutegemea modeli. Nani asingetamani? Ukiona hesabu hiyo unadhani ni kutoa hii na kuingiza ile, siku mbili kazi imeisha.

Sasa sikiliza injini hiyo inakuja na nini.

Kwanza, Beetle hupozwa kwa hewa. Haina rejeta wala maji. Subaru inataka maji, kwa hivyo ni lazima utafute mahali pa kuweka rejeta, mara nyingi mbele, halafu upitishe paipu chini ya gari lote hadi nyuma iliko injini. Hewa ikibaki ndani ya paipu hizo, injini inachemka na pesa yako inapaa na mvuke.

Pili, mafuta. Injini ya zamani inatumia kabureta na pampu ndogo. EJ20 inataka pampu ya umeme yenye presha kubwa, paipu zinazostahimili presha hiyo, na njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Paipu ya zamani ikipasuka karibu na turbo iliyo moto, hapo hatuzungumzii hasara tena, tunazungumzia moto.

Tatu, waya na kompyuta. Injini bila kompyuta yake na waya wake kamili ni chuma tu. Mimi niliuziwa injini waya ukiwa umekatwa katikati, na kuunganisha upya kumekula miezi miwili. Kama Beetle yako ni ya zamani zaidi, huenda bado ina umeme wa volti 6, na kompyuta ya Subaru inataka 12.

Nne, kuunganisha. Giaboksi ya Volkswagen haishikani na injini ya Subaru mpaka upate bamba maalum la katikati, pamoja na flaiwili na klachi zinazolingana. Sampu ya oili ya Subaru nayo inashuka chini sana, kwa hivyo hukatwa na kufupishwa, la sivyo bampu ya kwanza mtaani itaibeba. Na hata ukifanikiwa, giaboksi iliyoundwa kwa farasi 44 haitavumilia mguu mzito wenye farasi mara tano ya hao.

Tano, na hili ndilo linalonikosesha usingizi: breki. Beetle nyingi zina breki za dramu magurudumu yote manne. Zilitosha kwa mwendo wa gari lile. Ukiongeza nguvu bila kubadilisha breki, umejinunulia njia ya haraka ya kufika usikotaka. Katika miamala yangu 58, unajua ya breki ni mingapi? Hakuna hata mmoja.

Fundi wangu si mwizi

Watu wakisikia hadithi hii husema, "Ulikulwa." Hapana. Pesa nyingi kweli ilinunua vitu. Shida ni kwamba mimi na fundi tuliongea kuhusu injini, hatukuongea kuhusu gari. Kila kitu kilichosahaulika kiligeuka kuwa simu ya jioni: "Boss, tuma elfu nne tumalizie." Nami natuma, kwa sababu elfu nne ni kidogo. Simu hurahisisha kulipa, na jambo hilo ni zuri, lakini pia hurahisisha kutohesabu. Kidogo kidogo hujaza kibaba, na kidogo kidogo hukimaliza vilevile.

Kwa hivyo leo ningefanya hivi.

Ningeandika orodha nzima kabla ya kununua chochote, kisha nichukue bei ya injini nizidishe kwa nne. Kama hesabu hiyo inanishinda, mradi umenishinda. Bora kujua hapo kuliko gari likiwa limefunguliwa.

Ningeanza na breki na sehemu za chini za gari, injini ya zamani ikiwa bado ndani. Pesa ikiisha hapo, nabaki na gari linalotembea na kusimama.

Spea ningelipia mwenyewe dukani kupitia nambari ya tili, na kusoma jina la biashara kabla ya kuweka nambari ya siri. Fundi ningemtumia pesa ya kazi pekee, kwa hatua: injini imekaa na giaboksi, lipa. Maji na mafuta hayavuji, lipa. Imewaka na kutulia, lipa. Sehemu ya tano ya pesa ya kazi ningeizuia hadi nimeliendesha gari mwenyewe. Meseji ya uthibitisho ningeihifadhi, na kando ningeandika ilikuwa ya nini. "Ya fundi" si maelezo.

Injini nisingelipia kabla ya kuisikia ikiunguruma na kuona kompyuta na waya wake. Risiti lazima iwe na nambari ya injini. Logibuku ya gari lako ina nambari ya injini ya zamani. Ukibadilisha, NTSA inataka mabadiliko hayo yaandikishwe na gari likaguliwe. Bila risiti, utathibitishaje kwamba injini si ya gari la mtu lililoibwa? Na bima ikikuta injini tofauti na ile iliyoandikwa, umewapa sababu ya kukuuliza maswali siku mbaya kabisa.

Tena, usichukue mkopo wa simu kwa kazi hii. Mkopo wa siku 30 hausubiri gari la miezi kumi na mmoja. Weka akiba ya kila hatua kando, na hatua isianze kabla pesa yake haijatimia.

La mwisho, usiuze injini ya zamani. Mimi niliiacha iende kwa elfu kumi na tano ili tulipe bamba la katikati. Ile ndiyo injini baba aliyokuwa akiiwasha alfajiri sisi tukiwa tumefungasha kwenda ushago. Mnunuzi hapatikani tena kwa simu.

Nimalizie na hili. Mwaka wa 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki kwa Volkswagen 1200, gari lenye farasi wasiofika hata 40. Halikuwa na turbo. Lilikuwa jepesi, gumu, na kila kitu ndani yake kilitoshana na kingine. Hicho ndicho nilichokivunja nilipoongeza nguvu mahali pamoja.

Nimepata injini ya 1500 iliyotumika, na mwezi huu naanza na breki. Nikifungua taarifa ya miamala mwisho wa mwezi, nataka nione malipo matatu tu, na nijue kila moja lilinunua nini. Wewe fungua yako leo. Jumlisha pesa zote zilizoenda kwa ule mradi unaoujua mwenyewe, halafu ndipo uamue kama utatuma tena.