DAWA MPYA ISIACHIWE SOKO PEKE YAKE

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa kila maradhi yana dawa yake, na akatuhimiza kujitibu. Mafunzo hayo yanamhusu mgonjwa anayemeza dawa, na yanauhusu pia umma unaopaswa kuitafuta.

Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kuwa kipimo pungufu cha dawa huwazoesha vijidudu kuihimili. Onyo lake limethibiti. Bakteria sugu huivunja dawa kwa vimeng'enya, au huitema nje ya seli, au hubadilisha mahali inapojishikiza. Watafiti waliochapisha makadirio yao katika jarida la The Lancet mwaka 2022 walisema kuwa usugu huo ulisababisha vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Wapo wanaodhani kuwa wanasayansi wameishiwa maarifa. Sisi hatuoni hivyo. Mwezi Juni 2018, kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata idhini ya plazomisini, dawa iliyorekebishwa umbo ili vimeng'enya vingi vya bakteria visiiharibu. Aprili 2019 kampuni hiyo ikafilisika. Dawa ya namna hii huwekwa akiba kwa wagonjwa waliokosa tiba nyingine, kwani hudumu kwa kutumiwa kwa uchache. Ilhali muuzaji hupata faida kwa kuuza kwa wingi. Hapo maslahi ya mgonjwa na ya mfanyabiashara hugongana.

Mwaka 2022 Uingereza ilianza kuwalipa watengenezaji wa dawa mbili malipo ya kila mwaka yasiyotegemea kiasi kinachotumika. Jambo hilo lisiwe geni kwetu Waislamu. Katika karne ya 13, Sultani Qalawun alijenga hospitali mjini Cairo, akaiwekea wakfu, na wagonjwa wakatibiwa bila malipo.

Rai yetu ni kuwa matajiri na serikali za nchi za Kiislamu waweke wakfu wa utafiti wa dawa hizi. Nasi tusio na mali tunayo sadaka yetu: tusinunue vidonge viwili vitatu bila cheti cha daktari, tusigawiane dawa majumbani, wala tusimshinikize tabibu atupe dawa ya bakteria kwa mafua yaletwayo na virusi.

Dawa tunayoiharibu leo ni haki ya mtoto atakayeugua kesho. Tujihadhari asije akatudai mbele ya Mola wetu.

Wabillahi tawfiq.