Kilomita Hazisemi Saa

Leo nina neno kuhusu zile programu zinazokupa umbali kati ya viwanja viwili vya ndege, kisha chini yake zinaandika "muda wa safari". Mimi nasema namba hiyo ya pili iondolewe. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuandika programu ya aina hiyo.

Umbali hauna shida. Unachukua latitudo na longitudo za JKIA, Nairobi, na za JFK, New York, unaihesabu dunia kama mpira ambao kutoka katikati hadi ukingoni ni kilomita 6,371, na jibu linakuja: takriban kilomita 11,840. Kwenda au kurudi, ni ile ile. Shida ni pale tunapogawanya kwa 900, eti ndio mwendo wa ndege kwa saa, na kutangaza masaa 13 na dakika 9.

Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza masaa 15 kwenda na 14 kurudi. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi: ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma. Tena ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama kule iendako.

Desemba moja mjomba wangu wa Mbumbuni aliniuliza mwanawe angefika saa ngapi. Ndege ilikuwa inaondoka New York saa saba mchana. Programu yangu ikajibu: kesho yake, saa tatu na dakika tisa asubuhi. Mjomba akakodi gari, wakatoka Mbumbuni usiku pamoja na nyanya. Ndege ikafika saa tano, kama ratiba ilivyosema. Dereva akadai pesa ya kusubiri, na nyanya alikuwa amekaa garini muda wote huo.

Nilipochunguza, dakika 51 zilitokana na ule mgawanyo wangu. Saa nzima iliyobaki ilikuwa uzembe: niliandika programu mwezi Julai, New York ikiwa nyuma yetu kwa masaa 7, nikaiacha hiyo 7 kama vile haibadiliki. Novemba wao hurudisha saa zao nyuma, tofauti ikawa 8.

Mtasema ni makadirio tu. Sawa, lakini mjomba aliamini zile dakika tisa. Nani angedhani namba iliyonyooka hivyo ni ya kubahatisha?

Kwa hivyo, wenzangu tunaoandika programu: onyesheni kilomita. Muda, chukueni kwenye ratiba ya shirika lenyewe, na saa za mji zihifadhiwe kwa jina la mji, si kwa tarakimu. Kama hamna ratiba, andikeni "kati ya masaa 13 na 15" na muishie hapo.

Pesa za dereva nilimrudishia mjomba. Ninyi mnaonaje?