UCHAMBUZI: Pengo la mishahara litazidi iwapo ngazi ya kupandia haitakarabatiwa

KILA ifikapo Leba Dei, wafanyakazi nchini hutega masikio kusikia Rais atatangaza nyongeza ya asilimia ngapi. Mnamo Mei 1, 2024, katika bustani ya Uhuru Gardens, Nairobi, jibu lilikuwa asilimia sita.

Agizo lililofuata liliweka kima cha chini cha mshahara wa kibarua asiye na ujuzi jijini Nairobi kuwa Sh16,113. Mwenzake wa shambani alipandishiwa hadi Sh7,997.

Mjadala ulioandamana na tangazo hilo ulikuwa ule ule wa kila mwaka. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walitaka zaidi, waajiri wakalalamikia gharama. Lakini kuna swali lisiloulizwa katika sherehe hizi: Je, kibarua aliyelipwa kima cha chini miaka kumi iliyopita amesogea, au angali pale pale?

Tofauti ya mapato ina sura mbili. Ya kwanza ni pengo lililopo leo baina ya anayelipwa vizuri na anayelipwa vibaya. Ya pili ni uwezekano wa aliye chini kupanda kadiri miaka inavyosonga.

Chukua mfano wa basi linalotoka Busia kwenda Mombasa likiwa na viti vichache na abiria wengi. Iwapo wanaosimama hupata viti kila wengine wanaposhuka njiani, adha hiyo hugawanywa. Iwapo walioketi ni wale wale tangu Busia hadi Mombasa, na waliosimama ni wale wale, hapo pana dhuluma. Kwa anayepiga picha ndani ya basi mara moja tu, mabasi hayo mawili hayana tofauti.

Nchini Marekani, wasomi Wojciech Kopczuk, Emmanuel Saez na Jae Song walichapisha mnamo 2010 utafiti uliotumia rekodi za hifadhi ya jamii za tangu 1937 kufuatilia mapato ya wafanyakazi mwaka baada ya mwaka. Waligundua kuwa pengo la mapato lilipungua hadi 1953, kisha likaanza kupanuka tena.

Funzo kubwa ni kwamba pengo lilipopanuka, kasi ya watu kupanda na kushuka kwa muda mfupi haikubadilika sana. Pengo hilo liligeuka la kudumu. Katika kipindi kirefu, waliopanda zaidi ni wanawake, baada ya kufunguliwa milango ya kazi waliyokuwa wamefungiwa. Kupanda ngazi, basi, hakuji kwenyewe. Huja milango inapofunguliwa.

Kenya ina ushahidi wake wa jambo hilo. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, nafasi zilizoachwa na wakoloni serikalini na katika kampuni ziliwawezesha makarani kuwa mameneja katika muda mfupi. Ngazi ilikuwepo, ingawa tayari mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu Kenya ilionya kuwa wengi walikuwa wakijitafutia riziki nje ya ajira rasmi.

Milango hiyo ilianza kufungwa katika miaka ya 1980 na 1990, wakati wa mageuzi ya uchumi yaliyoshinikizwa na wafadhili. Ajira serikalini ilipunguzwa na maelfu wakastaafishwa mapema. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, mwalimu aliyehitimu hakuwa tena na hakika ya kuajiriwa moja kwa moja kutoka chuoni.

Takwimu za Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) zinaonyesha tulikofika. Mnamo 2023, kati ya nafasi mpya 848,200 za kazi, 720,900 zilikuwa za juakali. Mwaka wa 2024 zilikuwa 703,700 kati ya 782,300, yaani tisa katika kila kumi.

Fundi wa juakali hana nyongeza ya kila mwaka, hana daraja la kupandishwa wala chama cha kumtetea. Akiugua, hurudi alikoanzia.

Hata ndani ya ajira rasmi, vipandio vya chini vimeng'olewa. Walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi walianza kazi mnamo 2023 kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifundisha vipindi sawa na wenzao wa kudumu. Iliwabidi waandamane mwaka uliofuata ndipo 46,000 kati yao wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu.

Mbunge naye alikuwa akilipwa Sh725,502, mara 36 ya mwalimu huyo. Nyongeza yake nyingine ilisitishwa Julai 2024 baada tu ya vijana kuandamana barabarani.

Anayejikakamua kupanda huvutwa chini na makato. Januari 2023, mfanyakazi wa Sh50,000 alikatwa Sh200 za NSSF na Sh1,200 za NHIF, jumla Sh1,400. Kufikia Februari 2025, NSSF ilichukua Sh3,000, bima ya SHIF Sh1,375 na ada ya nyumba Sh750. Hizo ni Sh5,125, kabla ya kuhesabu nafuu ya kodi.

Ni kweli kuwa fedha za NSSF ni akiba yake ya uzeeni. Lakini makato hayo yalimpata wakati ambapo mshahara wake, ukilinganishwa na bei za bidhaa, ulikuwa umeshuka mwaka wa 2022 na tena 2023.

Waajiri husema kima cha chini kikipandishwa kupita kiasi, nafasi za kazi zitapungua. Hoja hiyo ina uzito, ndiposa asilimia za Leba Dei pekee haziwezi kuwa tiba.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Kitekelezwe. Muda wa uanagenzi nao uwekewe kikomo kinachojulikana tangu siku ya kwanza.

Aidha, NSSF na Mamlaka ya Ushuru (KRA) zina rekodi za mapato za miaka mingi. Zikiondolewa majina na kukabidhiwa watafiti, taifa litajua ni wangapi hupanda, wangapi hukwama, na katika kazi zipi.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kijana anayelipwa kima cha chini hana haja ya kumngoja yeyote ashuke. Anachodai ni ngazi, na anastahili kuonyeshwa ilipo.