Visiki Havidanganyi: Wito wa Kuwasomesha Vijana Wetu Uhasibu wa Uchunguzi



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali moja huzunguka katika nyumba za Nyololo, kuanzia kandokando ya barabara kuu iendayo Mbeya hadi njia ielekeayo Igowole na Kibao: mtoto huyu asome nini? Majibu tumekwisha kuyakariri. Ualimu, uuguzi, sheria kwa mwenye kinywa, uhasibu kwa mwenye kichwa cha hesabu ili apate kukaa ofisini. Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunataka kuongeza jibu moja, na tunataka kulipigania, kwa maana twajua litapingwa. Tunasema baadhi ya vijana wetu wasome uhasibu wa uchunguzi, yaani elimu ya kusoma vitabu vya hesabu kama mwindaji asomavyo nyayo: kutambua fedha ilivyoibwa, kuifuata ilikokwenda, na kuyathibitisha hayo mbele ya hakimu.

Wapo watakaosema kwamba wakaguzi tunao tayari. Ni kweli, na hatuwadharau. Lakini tuelewane juu ya kazi yao. Halmashauri inapopewa "hati safi" husherehekewa kama harusi, na mwananchi huambiwa kwamba hakuna kilichoibwa. Hati safi haisemi hivyo. Inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa ipasavyo na zinaonyesha hali halisi kwa kiasi cha kuridhisha. Mkaguzi wa kawaida hupima sampuli ya nyaraka. Hasomi kila karatasi, wala hatumwi kumdhania kila mtu kuwa mwizi. Mwizi wa kalamu analijua hilo, na ndiyo sababu nyaraka zake huwa nadhifu kuliko za mtu mwaminifu.

Tuchukue mfano, ambao si wa kijiji fulani bali ni wa namna mambo yanavyoweza kwenda katika wilaya yetu ya miti. Kijiji kinauza mirunda kutoka msitu wake. Kitabu cha stakabadhi kinaonyesha miti 400. Daftari linasema 400. Hati ya benki inalingana na daftari. Mkaguzi anaweka alama ya vema na kwenda zake. Mchunguzi hafanyi hivyo. Yeye huvaa buti akaenda msituni kuhesabu visiki, akakuta 700. Hupima unene wa visiki, ili ajue kama nguzo ya bei kubwa iliandikwa kuwa fito. Huomba vibali vya kusafirishia mazao ya misitu na kumbukumbu za vizuizi vya barabarani, aone malori mangapi yalipita na siku zipi. Huuliza kama kulikuwa na kitabu cha pili cha stakabadhi, na nani alikichapisha. Kisha, kwa idhini ya sheria, hufuata miamala ya simu ya mkononi, kwa kuwa siku hizi fedha ya wizi hailali tena chini ya godoro. Hapo ndipo ile miti 300 hupata sauti. Kijiji kilichopoteza miti 300 kimepoteza madawati, dawa za zahanati na bomba la maji, na hakuna aliyesikia mlango ukivunjwa.

Elimu hii si uchawi wala si kipaji cha kuzaliwa. Hufundishwa. Mwanafunzi huanza na uhasibu wenyewe, ule wa kuandika kila jambo mara mbili, ambao maelezo yake ya kwanza kuchapishwa yalitolewa Venice mwaka 1494 na Luca Pacioli, mtawa Mfransisko. (Wanaodhani kwamba hesabu ni jambo la kidunia lisilofaa kanisani wamkumbuke mtawa huyo.) Huongeza ukaguzi, sheria ya ushahidi, namna ya kumhoji mtu bila kumtisha wala kumwekea maneno kinywani, na namna ya kutunza kielelezo tangu kinapopatikana hadi kinapowekwa mezani mahakamani, kwa maana kesi nyingine haifi kwa kukosa wizi, bali hufa kwa sababu karatasi ilipita mikononi mwa watu wasiojulikana. Hujifunza hata tabia za tarakimu. Mwaka 1938 Mmarekani Frank Benford alionyesha kwamba katika orodha nyingi za namba halisi, karibu asilimia 30 huanza na tarakimu 1, na chini ya asilimia 5 huanza na 9. Anayebuni stakabadhi usiku hajui hilo. Hutawanya tarakimu zake sawasawa kama mpanda mahindi, na orodha yake humshitaki.

Hujifunza pia moyo wa mwizi. Mwanasosholojia Donald Cressey alizungumza na wafungwa waliokuwa wameiba fedha walizoaminiwa, na katika kitabu chake cha mwaka 1953 alieleza kwamba mambo matatu hukutana: shida ambayo mtu anaona haya kuisema, nafasi ya kuiba, na neno la kujihalalisha. Neno lenyewe twalijua hata sisi ambao hatukusoma kitabu hicho: "Nimejikopesha tu, nitarudisha baada ya mavuno."

Sasa tuseme kwa nini jambo hili linatuuma. Kati ya mwaka 2005 na 2006, kutoka Akaunti ya Madeni ya Nje katika Benki Kuu ya Tanzania, ile iliyojulikana kwa jina la EPA, zililipwa shilingi bilioni 133 kwa makampuni 22. Ukaguzi wa kampuni ya Ernst & Young, ambao matokeo yake yalitangazwa na Ikulu Januari 2008, ulionyesha kwamba makampuni 13 yalijipatia zaidi ya shilingi bilioni 90 kwa nyaraka batili na za kughushi, na mengine 9 yalilipwa zaidi ya bilioni 42 bila kumbukumbu za kutosha kuonekana. Uteuzi wa Gavana ukatenguliwa. Ndani ya orodha hiyo kuna kampuni, Kagoda Agriculture, iliyosajiliwa Septemba 2005, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imekwisha kulipwa zaidi ya dola milioni 30 kwa madai ya madeni ya miaka mingi iliyotangulia. Kuweka tarehe ya usajili kando ya tarehe ya malipo ni kazi ya dakika tano. Mtu yeyote aliyefundishwa kutia shaka kwa utaratibu angaliuliza. Waliouliza, walipouliza, walikuwa wakaguzi wa makampuni yenye majina ya kigeni. Nchi iliyokuwa na Bodi ya Wahasibu tangu sheria ya mwaka 1972 ikasubiri wageni waieleze imeibiwa kiasi gani.

Mambo yamesogea tangu hapo, nasi hatutaki kuficha lililo jema. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 imempa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu mamlaka ya kufanya ukaguzi wa kiuchunguzi, na ripoti zake hujadiliwa hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Lakini mamlaka bila watu ni jembe bila mpini. Wanaoweza kuifanya kazi hii ni wachache, nao wako mijini. Nani atashuka hadi kwenye chama cha ushirika cha msingi, kwenye SACCOS, kwenye kamati ya maji? Kule ndiko shilingi ya mkulima wa viazi na chai inakolala, na kule ndiko inakoliwa.

Tumesikia pingamizi, na lililo zito kuliko yote ni hili: je, hatutakuwa tunafundisha wezi wenye ujuzi? Hatulipuuzi. Nyaraka za EPA hazikughushiwa na wakulima wa Nyololo. Zilihitaji watu waliosoma, wanaojua lugha ya mikataba na mihuri ya ofisi. Elimu haimtakasi mtu. Lakini pingamizi hili, likifuatwa hadi mwisho wake, lingetuzuia hata kumfundisha mtoto kusoma, maana aghushiye lazima ajue kuandika. Wizi wa kalamu unao wataalamu wake tayari. Kuwanyima wanaoibiwa utaalamu huo huo si uadilifu, ni kuwaacha wapigane gizani na mwenye taa.

Wengine huogopa, nasi hatuwacheki. Septemba 2, 2012, jina la Nyololo lilisikika mbali kwa kifo cha mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, aliyeuawa akiwa kazini hapa kwetu. Mzazi wa Nyololo akisema hataki mwanawe aingie katika kazi ya kuuliza maswali, hana haja ya kutupa sababu. Tunajua pia habari za jirani yetu Kenya: David Munyakei, karani mdogo wa Benki Kuu, ndiye aliyetoa nyaraka za malipo ya Goldenberg, kampuni iliyodai fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuwapo. Alikamatwa, akafukuzwa kazi, akafa maskini mwaka 2006. Hatuwezi kumwambia mzazi kwamba njia hii ni salama. Twamwambia tu kwamba Munyakei alikuwa peke yake. Tangu mwaka 2015 Tanzania inayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Sheria hiyo haitamlinda mtu ambaye jirani zake wenyewe wamemgeuzia kisogo.

Hapo ndipo mzigo unapowaangukia waamini wote, wala si kijana wa chuo kikuu peke yake. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ubadhirifu, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988, kilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 43 ya wizi wa aina hii uligunduliwa kwa taarifa za watu, na wakaguzi wa nje waligundua asilimia 3 tu. Maana yake ni kwamba mtu wa kwanza kujua huwa ni karani, mlinzi, dereva wa lori, mama anayepika chakula cha semina na kuona kwamba waliokula ni 40 ilhali walioandikwa ni 120. Mchunguzi msomi asiyeambiwa kitu na watu hawa ni kipofu mwenye shahada. Basi ile desturi yetu ya kusema "tusimwaibishe, ni mwenzetu", ya kumhamisha mtunza hazina kimyakimya akaibe kigango kingine, haina jina jingine ila kushirikiana naye.

Wala tusimnyoshee kidole mtendaji wa kata huku makabati yetu yamefungwa. Mwaka 2009 waliokuwa wakiwakusanyia Watanzania fedha zao katika mradi wa DECI walikuwa wachungaji, na lugha yao ilikuwa ya kanisani: kupanda mbegu na kuvuna. Mwaka 2014, sakata la akaunti ya Escrow ya Tegeta lilipofika Bungeni, katika orodha ya waliopokea fedha yalisomwa majina ya viongozi wa dini. Wanaosema kwamba mali ya Mungu haikaguliwi wanasema kinyume cha Kanisa lenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaagiza kila parokia iwe na halmashauri ya fedha (kanuni 537), vitabu vya mapato na matumizi vitunzwe vizuri na taarifa itolewe kila mwaka (kanuni 1284), na waamini watolewe hesabu ya mali waliyoitoa (kanuni 1287). Mtume Paulo aliposafirisha mchango wa maskini alihakikisha hauchukui peke yake, ili mtu asipate la kumlaumu. Kama Paulo hakuona haya kusimamiwa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anaona haya ya nini?

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kila kigango kitaje vijana wanaomaliza kidato cha sita wenye alama nzuri za hisabati, biashara au uhasibu, na wenye sifa ya kurudisha chenji. Waelekezwe kwenye shahada za uhasibu na ukaguzi. Karibu nasi ziko taasisi, Iringa na Mbeya, na kijana aulize mapema ni masomo gani ya uchunguzi yamo ndani ya shahada anayoiomba, kwa kuwa mara nyingi hufundishwa kama sehemu ya kozi nyingine. Asiishie hapo. Afanye mitihani ya Bodi ya Wahasibu, kisha atafute cheti cha uchunguzi wa ubadhirifu. Maombi ya Bodi ya Mikopo yajazwe kwa msaada wa mwalimu, maana wengi wetu hukosa kwa fomu na si kwa uwezo. Kwa gharama ambayo mkopo hautaifikia, Halmashauri ya Walei ijadili kutenga sehemu ya mavuno ya shamba la miti la parokia.

Naye kijana, wakati wa likizo, arudi afanye mazoezi. Tunaiomba kamati ya fedha ya parokia imkabidhi, kwa maandishi na mbele ya mashahidi wawili, vitabu vya miaka mitatu iliyopita: sadaka, zaka, michango ya jumuiya, mfuko wa ujenzi, na stakabadhi za saruji na mabati. Atakayoyaona yabandikwe kwenye mlango wa kanisa Jumapili inayofuata, pamoja na orodha ya stakabadhi ambazo hazikupatikana.